Paka na mbwa wa kuokota Zanzibar: dalili, sababu na la kufanya

Anayeletewa wanyama waliookotwa Mjini Unguja husikia maelezo yaleyale mwaka mzima: kitoto kimepoa na hakinyonyi, paka anatokwa na udenda, mbwa amekonda na kupe wamemjaa masikioni, paka aliyepelekwa kwa watu amekimbia siku ya pili. Maelezo hayo nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Vifo vingi nilivyovishuhudia havikutokana na kukosa dawa, bali na haraka ya mwokoaji aliyeona mnyama ana njaa akamlisha, au aliyeona ana maumivu akampa kidonge, kabla hajamtazama.

Kumtazama ni kazi ya dakika mbili. Anza na joto: paka au mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo ukimgusa kwapani unapaswa kuhisi joto kuliko la mkono wako, na ukihisi baridi ujue hali ni mbaya. Kisha funua mdomo uangalie ufizi. Ufizi wa waridi ni mzuri. Mweupe huonyesha upungufu wa damu au mshtuko, wa manjano huonyesha ini au kuharibika kwa damu, na wa buluu au kahawia huonyesha kwamba hewa haiufikii mwili. Mwisho vuta ngozi ya mabegani kisha uiachie: ikibaki imesimama kama pindo la kanga mbichi, mnyama amekaukiwa na maji. Yaandike uliyoyaona pamoja na saa, kwa sababu ndiyo atakayoyauliza daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote.

Kitoto cha paka kimepoa na hakinyonyi

Sababu ya kwanza kabisa ni baridi, hasa wakati wa masika, vitoto vinapookotwa vimelowa chini ya baraza au kwenye mtaro. Kitoto cha chini ya wiki tatu hakiwezi kujitengenezea joto la kutosha, na kikishapoa tumbo lake husimama kufanya kazi. Maziwa utakayokipa hayatasagwa, bali yatachacha tumboni au yataingia kwenye mapafu. Wa kwanza niliyemlea, niliyemwokota Mkunazini, nilimuua hivyo. Nilimpa maziwa mara tu nilipofika nyumbani, nikafurahi kuona anameza, na alfajiri nikamkuta maziwa yanamtoka puani.

Kipashe joto kwanza. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyastahamili, ifunge kwa kanga, uiweke upande mmoja wa boksi ili kitoto kiweze kujisogeza kikizidiwa. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili, na haifai kuharakishwa kwa moto wa jiko wala kwa maji ya kuoga. Ukitia ncha ya kidole kidogo mdomoni mwake ukakuta bado ni baridi, subiri. Kikiwa kimelegea sana, paka tone la asali au maji ya sukari kwenye ufizi wakati joto linarudi, lakini usikimiminie kitu kooni.

Sababu ya pili ni njaa ya kawaida, nayo hutatuliwa kwa maziwa ya unga ya vitoto vya paka. Hayapatikani kila duka la dawa za mifugo, na yakikosekana maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na kiini cha yai yanaweza kukivusha siku moja au mbili, si zaidi. Kipimo kwa kila mlo ni kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, katika wiki mbili za mwanzo. Kitoto kinalishwa kikiwa kimelala kifudifudi, kama kinavyonyonya kwa mama yake, wala hakigeuzwi chali kama mtoto wa binadamu. Baada ya kila mlo futa sehemu zake za siri kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka kikojoe, kwa sababu chenyewe bado hakiwezi. Mizani ya jikoni ndiyo itakayokuambia ukweli: kinapozaliwa huwa karibu gramu 100, na kila siku kinatakiwa kiongeze gramu 10 au zaidi. Kisichoongezeka kwa siku mbili kina tatizo hata kama kinachangamka.

Ipo sababu ya tatu ambayo si ugonjwa hata kidogo, nayo ni kwamba kitoto hakikuwa yatima. Mama yake alikwenda dikoni Malindi kutafuta matumbo ya samaki, akarudi akakuta wanawe wamechukuliwa na msamaria. Ukikuta vitoto vikavu, vyenye joto na matumbo ya mviringo, nyunyiza unga kidogo kuvizunguka, ondoka, urudi baada ya saa mbili au tatu. Nyayo zikionekana kwenye unga, viache na umtegee mama chakula.

Acha kujitibia uende kwa daktari iwapo kitoto kimepashwa joto saa mbili na bado hakina nguvu ya kunyonya, kinahema kwa mdomo wazi, au maziwa yanatokea puani.

Kitoto kinaharisha

Maziwa ya ng'ombe yanaongoza, yakifuatwa na kulishwa kupita kiasi. Kwa kitoto kinachochangamka, punguza kipimo, badilisha maziwa, ukipe maji ya chumvi na sukari ya hospitali kidogo kidogo, na hali hubadilika ndani ya siku moja. Minyoo hufuata: tumbo ni kubwa, mgongo umechomoza, na pengine utaona vipande kama punje za mchele vimeganda chini ya mkia. Dawa ya minyoo huanza kutolewa katika wiki ya pili au ya tatu na kurudiwa kila wiki mbili, kwa kipimo cha uzito alichokisema daktari na si kwa kukisia robo ya kidonge cha watu. Vipande vya mchele vinatokana na minyoo ya tegu inayoenezwa na viroboto, kwa hiyo usipowaondoa viroboto minyoo itarudi.

Sababu isiyotokea mara nyingi lakini inayomaliza banda zima ni homa ya paka ya virusi, ambayo ni jamaa ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha wa mbwa. Kitoto kilichokuwa kikicheza jana leo kimejikunja, kinatapika povu la manjano, kinaharisha maji yenye harufu kali au damu. Kuna ishara moja ambayo ukishaiona huisahau: kinakaa kimeinamisha kichwa juu ya bakuli la maji, kidevu kikigusa ukingo, lakini hakinywi. Ukiona hivyo kitenge saa hiyohiyo na umpigie daktari. Matibabu ni maji ya mshipa na dawa za kuzuia bakteria. Nyumbani hakuna utakachokifanya kitakachofanana na hayo.

Virusi hivyo hukaa sakafuni hata mwaka mmoja na sabuni haiviui. Osha uchafu wote kwanza, kisha mwaga jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, na uiache dakika kumi kabla ya kusuuza. Boksi na matambara yachomwe. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji zisitumike palipo na paka, kwani huwadhuru kupitia ngozi na kwa kujilamba. Mgeni yeyote akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake, na chanjo ianze akiwa na wiki sita hadi nane, ikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16.

Macho yamegandana

Karibu kila mara ni mafua ya paka. Lainisha kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo, ukifuta kutoka kona ya pua kwenda nje, pamba moja kwa jicho moja. Usiyabandue kwa kucha. Paka aliyezibwa pua hali kwa sababu hasikii harufu, basi mpashie chakula moto kidogo. Mchuzi wa kichwa cha samaki usiotiwa chumvi wala kitunguu hufaa.

Kitoto ambacho hakijafungua macho bado, yaani cha chini ya siku 14 hivi, kikivimba kope ujue usaha umekusanyika ndani na jicho linaweza kupotea kwa siku moja. Hilo ni la daktari, sawa na jicho lililogeuka la buluu au lenye shimo. Matone ya macho ya watu yenye steroidi yanaweza kulitoboa jicho lenye kidonda, kwa hiyo usiazime dawa ya bibi.

Anatokwa na udenda, anatetemeka au ameanguka ghafla

Hapa muda ni mfupi, na swali la kwanza ni amepewa nini, au amekula nini, ndani ya siku tano zilizopita. Uliza watoto wa nyumba, kwani wakubwa hawaoni yote.

Sababu inayoongoza kwa paka wanaolelewa nyumbani ni dawa ya kupe na viroboto isiyo yao. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na zile za matone za mbwa, zina permethrini (dawa ya kuua wadudu) au jamaa zake, na mwili wa paka hauwezi kuzivunja. Masikio huanza kuchezacheza, ngozi inaruka, kisha huja degedege. Muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu (si ya moto, yanayofungua ngozi, wala ya baridi), mkaushe, umfunge kanga, uondoke naye. Ikiwa pakiti ina picha ya mbwa au ng'ombe peke yake, dawa hiyo haimfai paka hata kwa robo ya tone.

Panadol inafuata, nayo hutolewa kwa huruma kabisa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Ufizi hugeuka rangi ya kahawa, uso na vitanga vya miguu huvimba, na paka anahema kwa shida. Usisubiri dalili: ukijua amepewa, nenda.

Kwa paka na mbwa wa pwani liko jambo ambalo vitabu vya bara havilitaji, yaani bunju. Wavuvi humtupa mchangani wakati wa kuchambua samaki kwa sababu sumu yake inajulikana na kila mtoto wa Nungwi, lakini mbwa mgeni hajui. Katika dakika chache hadi saa chache mnyama hulegea miguu ya nyuma, hutapika, kisha pumzi hupungua huku akili yake ikiwa timamu. Sumu hiyo haina dawa ya kuivunja. Daktari anaweza kumsaidia kupumua mpaka iishe. Wanaolisha wanyama wa ufukweni wanafanya jambo la maana zaidi wakiwaomba wavuvi wamfukie bunju kuliko wakiongeza sufuria ya wali.

Sumu ya panya ni hadaa, kwa kuwa aina nyingi huchukua siku tatu hadi tano kuonyesha kitu: ufizi mweupe, damu puani, uvimbe chini ya ngozi. Chukua pakiti uende nayo, maana aina ya sumu ndiyo itakayoamua iwapo vitamini K itasaidia. Katika sumu zote, usimtapishe kwa chumvi wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Mnyama aliyelegea huvipeleka mapafuni.

Mshipi wa kuvulia unaning'inia mdomoni au nyuma

Paka wa Malindi na Forodhani humeza utumbo wa samaki pamoja na ndoana na mshipi wake. Usiuvute. Mshipi uliokwama ndani hukunja utumbo kama tunavyokunja kitambaa kwenye uzi, na ukiuvuta unaukata utumbo. Acha urefu wa kiganja, umvike kitu shingoni asiutafune, na safari ya daktari ianze.

Dume anajikamua mchangani, hakuna kinachotoka

Wenye paka husema amefunga choo, wakampa mafuta ya nazi. Mara nyingi choo hakina kosa: ni njia ya mkojo iliyozibwa na changarawe na ute. Angalia mchanga kama una unyevu. Mpapase tumbo la chini bila kulibonyeza, na ukigusa kitu kigumu kama limau mbichi, kibofu kimejaa. Hakuna dawa ya nyumbani, na dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Jike mwenye dalili hizo huwa na nafuu zaidi, ingawa naye aonwe.

Anajikuna na manyoya yanatoka

Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vijichembe vyeusi vikiacha rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu. Kwa vitoto wachanga tumia chanuo la meno ya karibu na maji ya sabuni laini, usitumie dawa. Kitoto chenye viroboto wengi na ufizi mweupe kinaweza kufa kwa kunyonywa damu, naye daktari aitwe. Magamba mazito yanayoanzia ncha za masikio na kushuka usoni ni upele wa wadudu, unaotibika vizuri kwa ivamektini ikipimwa na mtaalamu. Chupa ya sindano ya ng'ombe ni kali mno kukisiwa kwa jicho. Mabaka ya duara yasiyo na nywele ni choa, na choa humhamia mtu. Vaa glavu, na watoto wasimkumbatie mpaka apone.

Mbwa amekonda, amechoka, ufizi mweupe

Kupe ndio wa kwanza kushukiwa. Mbwa wa ufukweni Paje au Jambiani anaweza kuwa nao ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, lakini tatizo kubwa ni vijidudu wanavyoviacha kwenye damu. Homa, damu puani au mkojo mwekundu ni dalili zake. Kuwatoa kwa kibano hakumalizi ugonjwa. Huhitaji kipimo cha damu na dawa, na moja ya magonjwa hayo hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki nne, ambazo walezi wengi huzikatisha siku ya saba mbwa anapoanza kubweka tena. Minyoo na njaa huja nyuma yake. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu alishwe vijimlo vidogo mara nne au tano kwa siku. Sinia moja la pilau lililobaki harusini linaweza kumuua. Damu inayotona sehemu za siri, pamoja na uvimbe kama koliflawa, ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na habari njema ni kwamba inatibika kwa sindano za hospitali.

Mnyama anauma, au tabia yake imebadilika

Mara nyingi ni maumivu au hofu. Hata hivyo kichaa cha mbwa hufikiriwa kwanza, kwa sababu kosa moja halirekebishiki. Mbwa mpole aliyegeuka mkali, au mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi, taya lililolegea, sauti iliyobadilika, mwendo wa kuyumba: usimguse, usimfungie kamba, mzuie ndani ya ua kwa kufunga mlango, uite ofisi ya mifugo na sheha, yaani kiongozi wa mtaa.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ukizihesabu kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama aliyekuuma ni paka na hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona karibu hakupo. Mbwa au paka anayeonekana mzima afungiwe na kuangaliwa siku 10. Asiuliwe na kuzikwa kimyakimya, kwani kichwa chake ndicho kinachopimwa. Pemba iliwahi kukatisha maambukizi ya kichaa mwaka 2014, yakarudi 2016. Lengo linalotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na mbwa koko mmoja unayemchanja anahesabika humo.

Amepata nyumba, lakini hakai

Paka aliyetoroka siku ya pili mara nyingi alifunguliwa siku ya kwanza. Akae chumba kimoja chenye mlango wa kufungika kwa wiki ya kwanza, na ndani ya nyumba kwa wiki tatu au nne, akilishwa saa ileile kila siku. Nyumba za Mji Mkongwe zina madirisha ya nondo na dari zinazotokea kwa jirani, kwa hiyo kagua juu kama unavyokagua chini. Akitoroka, weka usiku tambara alilolalia pamoja na chakula mahali alipotokea. Wengi wamejificha umbali wa nyumba tatu au nne tu, hawajaenda mbali hadi Mwanakwerekwe.

Asiyekula siku ya kwanza ana hofu. Siku ya pili bila kula mpeleke kwa daktari, kwani ini la paka haliwezi kufunga muda mrefu. Anayekojoa ukutani huwa ni dume asiyehasiwa. Kumtia adabu hakusaidii, na kumhasi akiwa na miezi minne hadi sita husaidia sana. Jike anaweza kushika mimba tena akiwa bado ananyonyesha, na mimba huchukua kama siku 63, hivyo usimtoe jike kwa ahadi kwamba mwenyeji atamfunga kizazi baadaye. Nimezipokea ahadi hizo, na baada ya miezi minne nikaletewa pakacha lenye vitoto vitano. Sasa sitoi mpaka kidonda cha upasuaji kimekauka na ncha ya sikio imekatwa iwe alama.

Mbwa ana shida ya aina yake. Malalamiko ya majirani huanzia kwenye kubweka na kuzurura, lakini nyuma yake liko suala la najisi, na haliondolewi kwa kubishana. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa wa kulinda au wa kuwinda kunaruhusiwa. Kwa hiyo mbwa wa kuokota hupata mwenyeji kwa wepesi akipelekwa shamba lenye kazi ya ulinzi, kuliko akilazimishiwa familia inayoishi ua mmoja na jamaa sita. Kabla ya kumkabidhi nenda ukaone: kivuli cha mchana, bakuli lake la peke yake, mfereji usio ule wa kutawadhia, kamba ndefu au uzio. Mjulishe sheha, acha kadi ya chanjo kwa mwenyeji, na urudi baada ya wiki mbili. Ukikuta amefungwa juani kwa kamba ya mita moja, mchukue siku hiyohiyo na umwambie mwenyeji sababu bila kelele, maana mbwa anayefuata huenda akawa na nafasi kwa jirani yake.